Ukitaka Kuijua Haipavaiza, Hesabu Mitoko

Karibu kila mtu niliyemfundisha kazi ya kutunza seva alikuja akiamini kwamba mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza: kwamba kuna programu fulani inayosoma amri za mfumo endeshi uliomo ndani, moja baada ya nyingine, na kuzitekeleza kwa niaba yake. Imani hiyo ina msingi, kwa sababu programu za namna hiyo zipo. QEMU, kwa mfano, hufanya hivyo hasa unapotaka kuendesha programu iliyoandikwa kwa prosesa ya ARM juu ya prosesa ya Intel. Lakini mashine pepe zinazobeba hifadhidata, tovuti na mifumo ya malipo ya leo haziendeshwi hivyo. Sehemu kubwa kabisa ya amri zake hutekelezwa na prosesa halisi, moja kwa moja, bila mpatanishi. Wakati huo wote haipavaiza, yaani programu inayoigawa kompyuta moja halisi kwa mashine pepe na kuzisimamia, haifanyi lolote.

Nilipolielewa jambo hili vizuri, namna yangu ya kufanya kazi ilibadilika. Haipavaiza ni kama refa. Wachezaji ndio wanaocheza, naye hupuliza filimbi pale tu kanuni inapoguswa. Filimbi ikilia kila sekunde, hakuna mchezo tena, hata wachezaji wawe hodari kiasi gani. Matatizo mengi ya kasi niliyoyashughulikia ndani ya mashine pepe yalinirudisha kwenye swali hilo: mchezo unakatizwa mara ngapi, na kwa sababu gani?

Nitatumia maneno machache kwa maana maalumu. Mwenyeji ni kompyuta halisi pamoja na haipavaiza yake. Mgeni ni mfumo endeshi unaoishi ndani ya mashine pepe. Mgeni anapojaribu kufanya jambo asiloruhusiwa kulikamilisha mwenyewe, prosesa humsimamisha, huhifadhi hali yake yote, kisha humkabidhi mwenyeji udhibiti. Tukio hilo naliita mtoko. Mwenyeji akishamaliza kulishughulikia jambo husika, humrudisha mgeni palepale alipoishia, naye huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Katika miaka ya 1960, maabara ya IBM iliyokuwa Cambridge, Massachusetts, ilitengeneza mfumo ulioitwa CP-40 juu ya kompyuta ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho maalumu. Ukafuata CP-67, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370. Kila mtumiaji aliona kompyuta nzima kuwa ni yake peke yake, akaendesha ndani yake mfumo mdogo uitwao CMS, huku chini kabisa kompyuta ikiwa ni moja tu. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili jambo hili liwezekane kwa usafi. Sharti lao kuu naliona bado ndilo ufunguo wa kila kitu: kila amri nyeti, yaani ile inayosoma au kubadilisha hali ya mashine yenyewe, lazima isimamishwe na prosesa inapojaribiwa na programu isiyo na mamlaka. Isipite kimya kimya.

Prosesa za x86, zile zilizojaa kwenye kompyuta za mezani na hatimaye kwenye seva, hazikulitimiza sharti hilo kwa miaka mingi. Mfano ninaoupenda kufundishia ni amri ya POPF, inayorejesha bendera za prosesa (biti zinazoonyesha hali yake) kutoka kwenye kumbukumbu. Miongoni mwa bendera hizo kuna moja inayoruhusu au kuzuia vikatizo, yaani ishara zinazoitaka prosesa iache kazi iliyonayo na kushughulikia jambo jingine. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi chenye mamlaka kamili, ikiitumia POPF, bendera hubadilika. Programu isiyo na mamlaka ikiitumia, bendera hiyo hubaki ilivyokuwa, na wala hakuna kosa linaloripotiwa. Sasa fikiria kerneli ya mgeni iliyoshushwa mamlaka ili haipavaiza ikae juu yake. Ingedhani imezuia vikatizo kumbe haijazuia chochote, na haipavaiza isingepata hata fununu. Mwaka 2000 watafiti John Robin na Cynthia Irvine walihesabu amri 17 za aina hiyo katika prosesa ya Pentium.

Watu walitafuta njia za kuzunguka. VMware, iliyotoa bidhaa yake ya kwanza mwaka 1999, ilikuwa ikizisoma amri za kerneli ya mgeni na kuziandika upya papo kwa papo, huku programu za kawaida zikiachwa ziende moja kwa moja. Xen, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa hadharani mwaka 2003, ilichukua njia nyingine: kerneli ya mgeni ibadilishwe, ijue kwamba iko ndani ya mashine pepe, na iombe msaada wa haipavaiza waziwazi badala ya kutumia amri zile zenye utata. Njia zote mbili zilifanya kazi vizuri ajabu, ukizingatia ugumu wa tatizo. Kisha mwishoni mwa mwaka 2005 Intel ikaleta prosesa zenye VT-x, AMD ikafuata mwaka 2006 na teknolojia yake ya AMD-V, na tatizo likamalizwa ndani ya silikoni. Februari 2007 toleo la 2.6.20 la kerneli ya Linux lilitoka likiwa na KVM, kazi iliyoanzishwa na Avi Kivity, na tangu hapo Linux yenyewe ikawa na uwezo wa kuwa haipavaiza.

Haya yote niliyasoma kabla ya kuyaona. Kilichoniwezesha kuyaona ni programu fupi ya lugha ya C.

Kwenye Linux kuna faili liitwalo /dev/kvm. Ukilifungua, unaweza kuiomba kerneli ikuundie mashine pepe kwa ombi la KVM_CREATE_VM. Unachopewa hapo ni mashine tupu, haina kumbukumbu wala prosesa. Unachukua kipande cha kumbukumbu ya programu yako mwenyewe na kuiambia kerneli: hiki ndicho kitakachokuwa RAM ya mgeni. Unaomba prosesa pepe moja kwa KVM_CREATE_VCPU. Unaweka thamani za mwanzo kwenye rejesta zake, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo ndani ya prosesa, ikiwemo ile inayoonyesha amri ya kwanza iko wapi. Ndani ya kile kipande cha kumbukumbu unaweka baiti chache ambazo ni amri halisi za prosesa: jumlisha namba mbili, geuza jibu liwe herufi, litume kwenye bandari ya 0x3f8 (bandari ni anwani ambayo prosesa huitumia kuzungumza na kifaa), tuma alama ya mstari mpya kwenye bandari hiyohiyo, kisha simama kwa amri ya HLT. Halafu unaita KVM_RUN na kusubiri.

Bandari ya 0x3f8 katika kompyuta za x86 ni ya mlango wa serial wa kwanza. Katika mashine pepe yangu hapakuwa na mlango wowote wa serial. Palikuwa na programu yangu tu. Mgeni alipojaribu kuandika kwenye bandari hiyo, KVM_RUN ilirudi ikiwa na taarifa: mgeni ametoka kwa sababu ya bandari, ameandika baiti moja, na baiti yenyewe hii hapa. Nikaichapisha kwenye skrini. Nikaita KVM_RUN tena, mgeni akaendelea kutoka pale alipoishia. Akatoka tena kwa alama ya mstari mpya, na mara ya mwisho akatoka kwa HLT. Kujumlisha hakukuonekana popote. Kulifanywa na prosesa halisi, nami sikuarifiwa.

Ninapomfundisha mtu leo, humpa zoezi hilo kabla ya kumwonyesha skrini yoyote ya kuendeshea mashine pepe. Mtu akishaona kwamba mlango wa serial wa mgeni ni mistari michache ya msimbo aliyoiandika mwenyewe, hahitaji tena kuelezwa diski pepe ni nini, wala kadi ya mtandao pepe ni nini. Kifaa pepe ni programu inayojibu mitoko.

Kinachotokea ndani ya prosesa wakati wa KVM_RUN kinastahili kujulikana. Prosesa ya Intel yenye VT-x ina hali mbili za kufanyia kazi, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni, na kila hali ina ngazi zake kamili za mamlaka. Kwa hiyo kerneli ya mgeni hukaa kwenye ngazi ya juu kabisa, ngazi 0, kama ilivyozoea. Ila ni ngazi 0 ya upande wa mgeni. POPF yake hubadilisha bendera yake mwenyewe, na vikatizo vya vifaa halisi humtoa mgeni nje hata kama ameviziba kwa upande wake. Katika kumbukumbu kuna muundo uitwao VMCS unaohifadhi hali ya mgeni, hali ya mwenyeji, na orodha ya mambo yanayopaswa kusababisha mtoko. Amri ya VMLAUNCH humwingiza mgeni kwa mara ya kwanza, na VMRESUME humrudisha baada ya kila mtoko. Baadhi ya mitoko haiepukiki: kwenye Intel, amri ya CPUID humtoa mgeni kila inapotumika. Mingine haipavaiza ndiyo huamua kama inaitaka au haiitaki.

Gharama haziko sawa. Mtoko unaomalizwa ndani ya kerneli ya mwenyeji ni wa haraka kiasi. Ule unaolazimika kupanda hadi kwenye programu ya kawaida, kama QEMU ileile, ambayo hapa kazi yake ni kuiga vifaa tu, ili kifaa pepe kijibu, ni ghali zaidi, kwa sababu njia ni ndefu kwenda na kurudi. Tofauti hii ndiyo iliyokuwa nyuma ya tatizo ninalolikumbuka kuliko yote.

Seva ya hifadhidata ya shirika moja ilihamishwa kutoka kwenye kompyuta halisi iliyozeeka kwenda kwenye mashine pepe, na papo hapo ikawa nzito. Diski za mwenyeji mpya zilikuwa na kasi kuliko zile za zamani. Kumbukumbu ilitosha. Ndani ya mgeni kila kipimo kilikuwa shwari isipokuwa muda wa kusubiri diski. Watu wa hifadhidata walikuwa tayari wameanza kusema kwamba mashine pepe hazifai kwa hifadhidata, na kauli za namna hiyo zikishaenea ofisini ni vigumu kuzirudisha.

Kwa mwenyeji wa Linux kuna chombo cha `perf kvm stat` kinachohesabu mitoko na kuipanga kwa sababu zake. Nilikiwasha huku hifadhidata ikiwa kazini. Juu kabisa ya orodha, kwa mbali, ilikuwa mitoko ya amri za bandari. Nikafungua maelezo ya mashine pepe: diski iliunganishwa kama IDE, namna ya zamani ya kuunganisha diski. Aliyeihamisha alikuwa na sababu nzuri. Mfumo endeshi wa mgeni ulikuwa wa zamani, na IDE ni kifaa ambacho ungekitambua bila kuongezewa chochote.

Lakini tazama IDE inavyozungumza. Ili kusoma kipande kimoja cha diski, draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, huandika idadi ya sekta kwenye rejesta moja, anwani katika rejesta tatu, uchaguzi wa diski katika nyingine, kisha amri yenyewe katika nyingine tena. Bado hajaanza kupanga uhamishaji wa data wala kusoma hali ya kifaa kazi inapoisha. Kwenye waya halisi maandishi hayo si kitu. Kwa mgeni, kila moja ni mtoko, na kila mtoko unapanda hadi QEMU. Hifadhidata inayosoma vipande vidogovidogo maelfu kwa sekunde inageuka kuwa mashine ya kuzalisha mitoko.

Dawa yake ni virtio, utaratibu alioubuni Rusty Russell na kuueleza mwaka 2008. Virtio haiigi kifaa chochote kilichowahi kutengenezwa kiwandani. Mgeni na mwenyeji wanashirikiana foleni iliyoko kwenye kumbukumbu. Mgeni anapanga maombi yake humo, mengi kwa pamoja akipenda, kisha anampa mwenyeji ishara moja. Mwenyeji akiwa tayari anaishughulikia foleni, anaweza hata kumwambia mgeni asijisumbue kutoa ishara. Maombi kumi yaliyokuwa yakizaa mitoko mingi yanaweza kupita kwa mtoko mmoja, au bila mtoko wowote mpya.

Kuhama kunahitaji uangalifu. Draiva ya virtio lazima iwe ndani ya mgeni kabla hujabadilisha aina ya diski, tena iwe kwenye sehemu inayopakiwa mapema wakati wa kuwaka, la sivyo mgeni ataamka na kukuta hana diski. Kwa mgeni wa Windows, njia iliyo salama ni kumuunganishia kwanza diski ndogo ya pili ya virtio, kumwekea draiva, kuhakikisha ameiona, ndipo kugeuza diski kuu. Tulifanya hivyo usiku, na asubuhi yake mitoko ya bandari ilikuwa imeshuka mwisho wa orodha. Kauli ile kuhusu mashine pepe na hifadhidata sikuisikia tena.

Kadi za mtandao zina hadithi hiyohiyo, nami sitairudia. Itoshe kusema kwamba kadi pepe inayoiga e1000 ya Intel hupatikana karibu kila mahali kwa sababu kila mfumo endeshi unaifahamu, na kwamba ikifika kwenye seva yenye kazi nzito naibadilisha bila kusubiri malalamiko. Zaidi ya hapo kuna vhost, inayoihamisha kazi ya foleni kutoka QEMU kwenda kwenye kerneli ya mwenyeji, na kuna kadi halisi zinazoweza kujigawa vipande na kumpa kila mgeni kipande chake moja kwa moja. Kila hatua katika mfululizo huo ni njia nyingine ya kuipunguza mitoko au kuifupisha safari yake.

Si kila uzito unatokana na mitoko, hata hivyo. Somo la prosesa pepe lilinijia kwa mlango tofauti. Timu iliyotunza mfumo wa kuchakata maombi iliomba mashine pepe yao iongezwe prosesa, kwa kuwa ilikuwa ikilemewa nyakati za kazi nyingi. Iliongezwa hadi idadi yake ikakaribia kori zote (sehemu za prosesa zinazotekeleza amri) za mwenyeji, ambaye alikuwa na wageni wengine pia. Mfumo ukawa mzito zaidi kuliko mwanzo.

Sababu yake ni rahisi ukikumbuka prosesa pepe ni kitu gani. Katika KVM, prosesa pepe ni uzi wa kawaida wa Linux, yaani mfululizo wa kazi unaopangiwa zamu kwenye kori. Ukiorodhesha nyuzi za mwenyeji utaiona kwa jina, CPU 0/KVM, CPU 1/KVM, ikipigania zamu pamoja na nyuzi nyingine zote. Mgeni hajui hilo. Yeye anaamini prosesa zake zote zinakimbia wakati wote. Kerneli yake inapotumia kufuli la kuzunguka, yaani lile ambalo anayelisubiri hazimiki bali hurudia kuuliza bila kukoma, inategemea kwamba mwenye kufuli ataliachia mara moja. Lakini je, ikiwa prosesa pepe iliyoshika kufuli imepokonywa kori halisi na ratiba ya mwenyeji? Zile nyingine zote zitazunguka bure, zikila muda wa kori halisi, zikimsubiri ambaye hayupo. Kadiri prosesa pepe zinavyoongezeka, ndivyo hali hiyo inavyojirudia. Watengenezaji wa prosesa waliliona tatizo hili, wakaweka uwezo wa kugundua mzunguko wa aina hiyo na kusababisha mtoko, ili mwenyeji ampe zamu mwingine. Unasaidia, ila hautengenezi kori ambazo hazipo.

Kipimo cha kutazama kinapatikana ndani ya mgeni mwenyewe. Kwenye programu ya `top`, safu ya `st` inaonyesha asilimia ya muda ambao prosesa pepe ilikuwa tayari kufanya kazi lakini haikupewa kori. Kwenye mashine ile safu hiyo ilikuwa imepanda sana. Tulipunguza prosesa pepe hadi nusu, mfumo ukachangamka. Timu haikuamini hadi ilipoona vipimo vyake yenyewe, na siwalaumu; kupunguza ili upate zaidi ni jambo gumu kulikubali bila kuonyeshwa. Tangu hapo, mtu akiniomba prosesa zaidi, kwanza namwomba anionyeshe safu ya `st`.

Kwenye kumbukumbu, mpango ni mzuri kiasi kwamba mtu husahau upo. Mgeni ana majedwali yake ya kurasa (kurasa ni vipande ambavyo kumbukumbu hugawanywa) yanayobadilisha anwani za programu kuwa anwani anazodhani ni za RAM halisi. Si za RAM halisi. Chini yake kuna majedwali ya pili, ya haipavaiza, yanayozibadilisha tena. Zamani haipavaiza ililazimika kutunza nakala iliyounganisha majedwali yote mawili, na kila mgeni alipogusa jedwali lake palikuwa na mtoko. AMD kuanzia mwaka 2007 na Intel mwaka 2008 walileta prosesa zinazotembea kwenye majedwali yote mawili zenyewe. Mitoko hiyo ikaisha, lakini matembezi yakarefuka: panapokuwa na ngazi nne upande wa mgeni na nne upande wa mwenyeji, kuitafuta anwani moja ambayo haimo kwenye akiba ya prosesa, yaani kumbukumbu yake ndogo ya haraka, kunaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu hadi mara 24, badala ya mara 4 kwenye kompyuta isiyo na haipavaiza. Ndiyo maana kwa hifadhidata kubwa huwa natenga kurasa za MiB 2 au hata GiB 1 upande wa mwenyeji badala ya zile za KiB 4. Ngazi zinapungua, akiba inatosha eneo kubwa zaidi, na matokeo yanaonekana.

Jambo lingine kuhusu kumbukumbu ni kishawishi cha kugawa zaidi ya ulichonacho. Mbinu zipo. Kuna puto, draiva ndani ya mgeni inayoiomba kerneli ya mgeni kurasa na kuzikabidhi kwa mwenyeji, kwa hekima kwamba mgeni mwenyewe ndiye anayejua kipi hakihitaji. Carl Waldspurger aliieleza mwaka 2002 alipokuwa VMware. Kuna pia KSM ya Linux, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2009, inayotafuta kurasa zinazofanana baina ya wageni na kuziunganisha kuwa moja. Kwa mashine za kufundishia na za majaribio nazitumia bila hofu. Kwa hifadhidata, hapana. Puto likishindwa kutoa kurasa kwa wakati, mwenyeji ataanza kuhamishia kumbukumbu ya mgeni kwenye diski, na mgeni hatakuwa na njia ya kujua kwa nini kusoma neno moja la RAM kunamchukua muda wa kusoma diski. Tatizo la aina hiyo linachosha kulitafuta kwa sababu ndani ya mgeni halionekani kabisa.

Kuhusu snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine pepe ya wakati fulani ili uweze kuirudia, nitasema kwa ufupi, ingawa nimeona zikiumiza watu. Snapshoti ya diski huiacha diski ya awali jinsi ilivyo na kuelekeza maandishi mapya kwenye faili jingine. Kwa hiyo inategemea diski ileile. Ikiharibika diski, vyote viwili vimekwenda. Si nakala ya akiba. Tena ikiachwa kwa miezi, faili hilo la pili huvimba, na mlolongo ukiwa mrefu kusoma kunapungua kasi. Naichukua kabla ya kusasisha mfumo, na kazi ikithibitika naiunganisha na diski yake mapema iwezekanavyo.

Kinachonifurahisha bado, baada ya miaka yote, ni kumhamisha mgeni akiwa macho. Kwa kuwa hali yote ya mashine pepe ni data, inaweza kupelekwa kwa mwenyeji mwingine kupitia mtandao. Kurasa za kumbukumbu zinanakiliwa huku mgeni akiendelea na kazi. Zile anazozichafua, yaani kuzibadilisha, wakati huo zinawekewa alama na kunakiliwa tena. Mzunguko unarudiwa hadi zilizobaki ziwe chache. Ndipo anasimamishwa kitambo kidogo, mabaki yanavushwa pamoja na hali ya prosesa, naye anaamka upande wa pili. Watafiti walioieleza mbinu hii kwenye Xen mwaka 2005 walihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 huku watu wakicheza, na usimamishaji ukawa takriban milisekunde 60. Sharti lake moja halikwepeki: mgeni anayechafua kumbukumbu haraka kuliko mtandao unavyobeba hatamaliza kuhama. Hifadhidata zenye maandishi mengi nazihamisha nyakati tulivu, kupitia mtandao uliotengwa kwa kazi hiyo tu.

Imebaki habari ya usalama. Kwa kuwa kifaa pepe ni programu inayojibu mitoko, kasoro ndani ya programu hiyo ni mlango wa mgeni kumfikia mwenyeji. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, ndani ya msimbo wa QEMU unaoiga kidhibiti cha diski za floppy. Msimbo ulikuwa na kasoro hiyo tangu mwaka 2004. Kilichowashtua wengi ni kwamba kidhibiti kilikuwepo hata kwenye mashine pepe ambazo hakuna aliyeziwekea floppy. Kisha mwaka 2018 zikaja kasoro za prosesa zenyewe: Meltdown na Spectre mwezi Januari, na L1TF mwezi Agosti. Hiyo ya mwisho iliruhusu mgeni kuchungulia data iliyobaki kwenye akiba ya ngazi ya kwanza ya kori, hata ya jirani anayetumia kori hiyohiyo. Marekebisho yalimaanisha kuisafisha akiba hiyo kabla ya kumwingiza mgeni, na kwa wenye wageni wasioaminiana, kuzima uwezo wa kori moja kubeba nyuzi mbili. Mtoko, uliokuwa ghali tayari, ukawa ghali zaidi, na kazi yote ya awali ya kuupunguza ikalipa mara ya pili.

Mwaka huohuo AWS, tawi la Amazon linalokodisha kompyuta kupitia mtandao, ilitoa Firecracker, programu ya kuendesha mashine pepe inayotumia KVM lakini imeachana na QEMU. Ilianza na vifaa vichache mno: mtandao na diski za virtio, mlango wa serial, na kidhibiti cha kibodi ambacho kazi yake pekee ni kuizima mashine pepe. Nami nimeufuata mwelekeo huo kwenye seva ninazozitunza. Kabla ya kuikabidhi mashine pepe kwa wenyewe, nafungua maelezo yake na kuondoa kila kisichohitajika: kidhibiti cha floppy, kadi ya sauti, milango ya USB, skrini ya picha kama ni seva ya mstari wa amri tu. Kisha nawasha `perf kvm stat`, naiacha ikimbie kwa kazi yake ya kawaida, na kuihifadhi orodha ya mitoko yake ikiwa bado nzima, ili siku itakapolalamikiwa niwe na cha kulinganishia.